Siku Niliyoifagia Studio ya Dada Zuhura

Mpaka leo nikisikia mtu anafagia, masikio yananichoma. Mnanijua nilivyo na haya, mtu wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija, kwa hiyo niacheni nisimulie mara moja yaishe.

Dada Zuhura anasomea usanifu wa majengo kwenye chuo kimoja hapahapa Morogoro. Studio yao, yaani chumba wanachochorea, ni ndogo kuliko darasa letu la kidato cha tatu, meza zimebanana, vijumba vya maboksi wanavyotengeneza vimejaa hadi sakafuni, wengine wanachora wamepiga magoti. Siku hiyo wakubwa wa chuo walikuwa wanakuja kukagua kama inawafaa, na wakiona haifai wawape na ukumbi wa jirani. Mimi nilipeleka chakula tu kutoka nyumbani Mwembesongo (wali maharage, mama hakukubali walale njaa). Dada na wenzake wakatoka kuswali na kula, akaniambia, "Mwanaidi, tuangalizie hapa, kuna wageni wanakuja."

Wageni! Kwetu neno hilo likitajwa mama ameshashika ufagio. Nikatazama yale maboksi, vipande vya karatasi, godoro lililoviringishwa chini ya meza (kumbe wanalala humo!), nikaona aibu kwa niaba ya dada, basi nikavitoa vijumba kimoja kimoja kwa adabu zote nikavipanga barazani, meza nikazikunja nikazipeleka nyuma ya jengo, nikafagia, nikapiga deki, chumba kikang'aa kama cha harusi.

Wageni wakawahi.

"Shikamooni."

"Marahaba. Aa, mbona nafasi ipo!" akasema mzee mmoja, anazunguka mikono nyuma. "Hawa vijana wanalalamika nini?"

Mama mwenye miwani akanigeukia. "Eti mwanangu, hapa panawatosha?"

Mkubwa akikuuliza hali unajibu nzuri, hata kama unaumwa, ndivyo nilivyolelewa. Nikainama, nikasema, "Panatosha, mama. Tunashukuru."

(Tunashukuru! Nani alinituma?)

Wakaandika, wakaenda zao. Dada aliporudi, mvua ya mlimani ilikuwa imeshaanza kuvilowesha vijumba.

"We Mwanaidi! Meza ziko wapi?"

"Nimesafisha, dada. Wageni wamefurahi, wamesema nafasi ipo."

Mwenzake mmoja akashika kichwa. "Jamani, huyu mtoto katumaliza na ufagio!"

Hakuna aliyecheka. Dada hakunipiga, afadhali angenipiga. Alikaa chini, palepale nilipopiga deki, akalia.

Alikwenda ofisini kueleza, wakamjibu wameona kwa macho yao, na mwanafunzi mwenyewe kawathibitishia. Ukumbi wa jirani ukawa stoo ya viti.

Sasa anachorea sebuleni kwetu, meza ya chakula yote ni yake, sisi tunakula mkekani. Jioni mama akisema, "Mwanaidi, fagia," nafagia kwa kuizunguka, na nimeapa sitagusa tena cha mtu bila ruhusa, hata kipande cha boksi kama ukucha nakiokota nauliza, "Dada, hiki nitupe?"

Anaendelea kuchora. Nakirudisha mezani.