Mashini ya Mchezo Ambayo Bazee Balitaka Kuchoma

Mashini ililia yenyewe siku ya ine ya juma, saa tisa ya muchana, katikati ya maombi.

Hakuna muntu aliyeigusa. Minyi nilikuwa nimepiga magoti mu salon yangu pamoja na bamama kumi na mbili wa kanisa. Seth, fundi wa redio, alikuwa ametoka kunywa maji, ameacha nyaya juu ya batri.

Tuuu-ti-ti-tuuu! Taa nyekundu. Kisha sauti ya kizungu ikacheka.

Bamama kumi na mbili, mulango moja. Mama Élisa alipitia dirisha, na ile mwili yake yote. Mungu asifiwe.

Ngoja nieleze.

Ni kabati ya mbao, ndefu kunipita, iko na ekrani sawa ya televizyo, kijiti ya kuongoza na vifungo sita. Unacheza umesimama: ndege ndogo inafukuza nyuki. Muzungu mumoja aliileta Kamina mwaka wa 1984, kuijaribisha mu cercle, nyumba ya bantu wa reli ya kupumzikia. Munjukulu wangu Théo alituma foto kwa bantu wa Ulaya banaopenda vitu vya zamani. Balijibu: zilitengenezwa tatu tu za kujaribu, hazikuuzwa hata siku moja.

Moja njo hii yangu.

Cercle ilipokufa, mume wangu Ngoie, fundi wa umeme pale gare, kituo cha treni, aliileta nyumbani. Alisema ataitengeneza mwaka ujao. Mwaka ujao ulifika mara ishirini na mbili, kisha Ngoie akakufa.

Basi nikaanza minyi. Masomo yangu ni ya primaire tu, lakini uvumilivu niko nao: nimelea batoto munane na mume mumoja.

Miezi kumi na moja. Nilitoa viota vitatu vya panya. Nilisugua kila skrubu na muswaki na petroli. Nyaya ambazo panya balikula, Seth aliziunga moja moja, minyi nimemushikia taa.

Na sasa imelia, njo imekuwa shetani.

Kesho yake akafika muzee Mukalay. Zamani alikuwa chef de gare, mukubwa wa kituo, sasa ni mukubwa wa bazee wa kanisa. Suti, koti imefungwa mpaka shingoni, na jua ile.

— Mama Talitha, uko nafuga shetani mu nyumba.

— Eyo, vidye, bwana mukubwa. Lakini anakula courant ya mu nyaya, hali bukari ya mu sufuria yangu. Hanisumbui.

— Usilete michezo! Siku ya yenga, kisha ibada, tutakuya na petroli. Tutaichoma.

— Muzee, Ngoie alikufa bila kuiona inawaka. Nami sijaona ekrani yake hata mara moja.

— Ngoie alikuwa muntu wa maombi. Huko aliko, eko naona haya.

Ile ilinichoma kuliko petroli.

Siku ya posho nikamwita Seth asubuhi. Kama itachomwa kesho, ichomwe imewaka. Alisema fusible, fyuzi ya ekrani, imekufa, iko ndani nyuma. Tukatoa mulango ya nyuma ya mashini, na kwa mara ya kwanza nikaugeuza kwenye jua nipanguse vumbi.

Upande wake wa ndani mulikuwa maandiko. Kalamu ya bluu, mistari imepigwa na rula. Tarehe. Jina. Saa ya kufika. Pointi. Saa ya kutoka. Maelezo. Saini.

Nilikaa chini.

Bantu wa reli, nibaeleze? Muntu wa reli haendi hata choo bila kuandika saa ya kuondoka. Hawa balijificha kucheza saa ya kazi, kisha bakafungua rejista ya kujificha kwao. Na saini!

"Mukalay. Kufika 14h10. Kutoka 17h35."

Mustari wa pili, Mukalay. Wa tatu, Mukalay. Nilihesabu makumi tatu na mbili. Na ile miaka tulikuwa tunangoja treni ya Bukama, tukiambiwa chef eko mu service, eko kazini, musimusumbue.

Seth aliweka fusible mupya, tukarudisha mulango, nusu wazi. Ekrani ikawaka. Nyuki bote balikuwa bazima.

Siku ya yenga bakafika bazee bane, na bidon ya petroli na kiberiti. Niliwapangia viti.

— Muzee Mukalay, minyi sikatae. Lakini weye njo mukubwa. Ingiza kichwa nyuma kule, uangalie shetani eko wapi, tusimukose.

Akaingiza kichwa. Kikakaa.

Kikakaa tena.

— Umemuona? akauliza muzee Mwanza, mumoja wa bale bane.

Mukalay akatoka, jasho mpaka kwenye kola.

— Nimeona… mbao. Mbao ya muzuri.

— Tuchome?

— Bandugu, Mungu anashindwa kutakasa mbao? Tuombe kwanza.

Aliomba dakika makumi mbili. Alibariki ekrani, akabariki kijiti. Bidon ikarudia ilikotoka. Kwenye mulango akaniinamia sikioni:

— Mama… ile kifungo ya kushoto, ingali inakwama?

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikavuta kiti nisome ile rejista yote, kwa utamu tu. Ona bazee hawa! Ahsante Mungu, mume wangu alikuwa kwenye maombi kila siku ya pili ya juma, saa kumi na moja mpaka saa moja.

Chini kabisa, pembeni, mwandiko mudogo.

"Ngoie. Kufika 17h00. Kutoka 19h00."

Kila siku ya pili ya juma. Miaka mine. Pointi kupita bote. Na kwenye fasi ya maelezo, kila mara, kwa herufi nzuri: "Maombi imeisha."

Nami nilikuwa namupashia maji ya kuoga, sababu Roho amemuchokesha.

Siku ya pili ya juma iliyofuata, saa kumi na moja kamili, nilisimama mbele ya mashini nikacheza mpaka vidole vikauma. Sijafika hata nusu ya pointi zake. Kweli, alikuwa muntu wa maombi.

Bandugu, fundisho ni hili: ukipata kitabu ya zambi za jirani, kisome mpaka mustari wa mwisho. Njo ucheke kisha.