Kisu Kilichokawia

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuna aliyemtuma kufua visu. Kwao hakukuwa na mhunzi hata mmoja. Ugonjwa huo aliupata mwenyewe tulipohamia Mkiwa, pale njia panda, miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, wenye malori wakapakia mizigo mpaka springi zikasalimu amri, na vipande vya springi vikawa vinalala kando ya barabara bila mwenyewe. Mwalimu, maana ndivyo nilivyomwita hata chumbani, akawa anarudi navyo nyumbani kwenye kapu la baiskeli pamoja na madaftari ya wanafunzi.

Jumamosi alasiri alivua shati la shule, akawasha mkaa kwenye karai bovu alilolikandika udongo, nami nikazungusha gurudumu la baiskeli lililoendesha feni ya kupulizia moto. Fuawe lake la kugongea chuma lilikuwa kipande cha reli chakavu alichopewa na shemeji yake wa Itigi. Chuma kikiwa chekundu alikigusisha sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Sumaku ikinasa, anakirudisha motoni. Isiponasa, ndiyo dalili kwamba moto umetosha, anakichovya kwenye mafuta ya alizeti, na ua mzima unanukia kama tunakaanga maandazi. Kisha anakisugua, anakipasha tena pembeni mwa moto, polepole, akingoja kigeuke rangi ya nyasi kavu. Mimi ni mtu wa kusemasema, lakini hapo nilinyamaza kwa raha ya kumtazama tu. Mikono ile ya chaki ilikuwa mizuri mno ikishika nyundo, na sijui kama niliwahi kumwambia.

Watu walimcheka. Dukani kuna visu vinavyong'aa, vina mpini wa plastiki, bei ya kutupa, sasa ya nini kujiunguza? Mwalimu alicheka nao, akaendelea kugonga. Hakuuza hata kimoja. Aligawa. Muuza nyama alipata kirefu chembamba, mama yangu mzazi akapata kifupi chepesi kwa sababu ya vidole vyake vilivyokakamaa, hata jirani tuliyekuwa hatusemeshani naye akapata. Kila mmoja alipata kisu kinachomfaa yeye. Mimi sikupata.

Na mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kisu. Nilikuwa na kibanda cha chakula barabarani, kutwa nzima vitunguu, nyanya na kuku. Nilitumia kisu cha dukani ambacho mpini wake ulipasuka mapema, nikauzungushia mpira wa tyubu mpaka ukanenepa. Nikimuuliza Mwalimu, jibu lilikuwa lile lile.

"Chako kinakuja, mama. Usiniharakishe."

Iliniuma, sitaficha. Nikaanza kuamini kwamba mume wangu anawaona watu wote isipokuwa mimi.

Kulikuwa na jambo jingine. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Utotoni nilichapwa kwa ajili hiyo, nikajifunza kula na kusalimia kwa kulia, lakini kisu kilikataa kuhama. Siku moja dereva mgeni aliniona nikikata kachumbari, akaisukuma sahani yake.

"Dada, chakula cha mkono wa kushoto mimi sili."

Akaondoka, na wenzake wakamfuata. Kesho yake nilitundika khanga kibandani, nikawa nakatia nyuma yake, nimejikunja, sioni vizuri. Mwalimu aliiona ile khanga. Akapita zake, na hilo nalo nikalihesabu kwenye makosa yake.

Halafu kisu changu cha tyubu kikapotea, tena siku ya mnada, wateja wamejaa. Niliazima cha jirani, nikajikata kidole, na jioni damu ikiwa bado inanichemka nikamwambia Mwalimu kwamba amewapa visu watu wote wa Mkiwa na kile kibovu changu ameshindwa hata kunisaidia kukitafuta. Alisema, "Samahani, mama," akaendelea kula. Nikanuna. Hata gurudumu la baiskeli nikasusa kulizungusha.

Jumapili akaja kibandani na kitu alichokifunga kwenye gazeti. Madereva walikuwa kwenye mabenchi wanangoja chakula. Hakupita nyuma ya khanga, aliniita nitoke. Nikafungua. Kisu kilikuwa kizuri, mpini wa mpingo umechongwa vishimo vya vidole. Kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, nilikishika kwa mkono wa kulia. Hakikukaa. Vishimo vilikuja mahali pasipo na vidole. Nilijisikia kudhalilika, nikataka kumrudishia palepale.

"Siyo huo," akasema. "Kishike kwa mkono wako."

Nikakihamisha. Kila kidole kikaenda mahali pake. Ndipo nikavitambua vile vishimo: vilikuwa vya kwangu, vile vile nilivyokuwa nimevibonyeza kwenye tyubu kwa kukamata kisu kila siku. Yeye ndiye aliyekichukua kile kisu changu kilichopotea, akaviiga kimoja kimoja. Na makali aliyanoa upande mmoja tu, ule unaomfaa mtu wa kushoto.

"Vya kwanza nilivyokufulia viliharibika," alisema. "Nilikuwa sijui unashikaje. Ulikuwa unanificha hata mimi."

Dereva mmoja akaomba akijaribu. Akakigeuza huku na huku katika mkono wake wa kulia, akashindwa. "Mwalimu, hiki hakishikiki."

"Hakikufuliwa kwa ajili yako," Mwalimu akamjibu, akakichukua na kunirudishia.

Niliivuta khanga ikaanguka, nikajifunga kiunoni, nikasogeza ubao mpaka mbele ya mabenchi, hapo hapo machoni pao. Machozi yalikuwa yananitoka, na kitunguu nilikuwa sijakigusa bado.