Kibao cha Mama Ekzosi Kilivyorudi Ukutani

Dada yangu aliuza ekzosi, yale mabomba ya moshi ya magari, katika duka la kona tangu mwanawe wa kwanza akitambaa. Mafundi wa gereji zote za mtaa walimwita Mama Ekzosi. Kosa lake lilikuwa moja: aliacha hati ya duka iandikwe kwa jina la mumewe. Walipoachana, mume akabeba duka, dada akaachiwa watoto na masufuria. Siku hiyo hiyo shemeji aling'oa kibao chenye jina la dada, akakitupa nyuma ya choo.

Dada alikifuata, akakiosha, akakisukuma chini ya kitanda. Hakulia. Akafungua kibanda ng'ambo ya barabara, kiti chake kikiutazama mlango wa lile duka.

Shemeji hakuuza hata boliti. Alikuwa amenunua hisa za kampuni ya magari ya umeme, zikampandia kama maziwa jikoni. Kila asubuhi alivuka barabara na simu mkononi.

"Mama watoto, magari yajayo hayana ekzosi. Utabaki kuuza filimbi."

"Nitauza filimbi."

"Kampuni yangu ina thamani kuliko viwanda vyote vya magari yako ya moshi ukivijumlisha."

"Inauza magari mengi kuliko wao?"

"Hununui magari ya leo. Unanunua kesho."

"Basi na wewe njoo unywe chai yangu ya kesho."

Mafundi walicheka mpaka wakaangusha spana. Shemeji alicheka pia. Hisa zilikuwa zimepanda.

Zilipanda hadi akakosa usingizi. Akaamua kuuza duka, fedha yote aiingize huko kabla bei haijamkimbia. Wanunuzi wengine walitaka kusubiri mwezi ujao. Dada alikuwa na fedha mkononi, akiba ya kibanda. Akaniita nikae naye kibandani, maana mimi naishi kwa kununua na kuuza.

Shemeji alitaja bei. Ilikuwa ya haki, sitasema uongo. Dada akataja nusu yake.

"Nusu? Unajua duka lile lina thamani gani?"

"Nalijua. Nililijaza mimi."

"Sasa nikupe kwa bei ya kutupa?"

"Usinipe. Subiri mwezi ujao, atapatikana wa bei yako."

Dada alijua anapogusa. Mtu aliyetuhubiria kila asubuhi kwamba kesho hisa zitakuwa ghali zaidi, mwezi mzima angeusubiri vipi?

Shemeji akasimama, akaondoka. Sisi wa biashara tunakujua kuondoka kule: unatembea polepole, sikio umeliacha nyuma, mwenzako akuite, "Njoo tuongee." Nikafungua mdomo nimwite. Dada akanikanyaga mguu.

Akafika ng'ambo bila kuitwa. Akatoa simu, akaitazama, akarudi nusura akimbie.

"Haya. Nusu."

"Nusu ilikuwa ya mtu aliyekaa, bwana mkubwa. Uliyerudi una bei nyingine. Punguza tena kidogo, na kibao changu utakipigilia wewe."

"Una roho mbaya."

"Nimekaa na wewe miaka mingi."

Akanitazama mimi. "Shemeji, huoni?"

"Naona vizuri," nikamwambia.

Akapunguza. Tukaenda kwa wakili, akatia saini huku akichungulia simu.

Kama kampuni ile inastahili bei ile, sijui hadi leo. Wapo wenye akili wanaosema inastahili. Dada hakuwa akinunua kampuni. Alikuwa akinunua haraka ya shemeji, na aliipata rahisi.

Alasiri ile mafundi waliacha kazi waje kutazama. Shemeji alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni, simu ikitetemeka mfukoni na mikono yote miwili imeshika kibao. Dada alikuwa chini, amekaa kwenye kiti alichokivusha barabara mwenyewe.

"Upande wa kushoto umelala," akasema.

Shemeji akang'oa msumari, akaanza upya.