Nafasi ya Tisa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, uani kwa muuzaji, mtaa wa Kikuyu, nilipiga magoti kando ya pikapu nikanakili namba ya chesisi, herufi na tarakimu kumi na saba. Malipo ya awali nilikuwa nimeshatoa, na karatasi tuliyosaini ilisema nikijitoa bila sababu ya msingi, hayarudi. Gari lilikuwa la kubebea zabibu za mke wangu kutoka Chamwino.

Kuzisoma namba hizo nilijifunza mwenyewe, kwenye simu. Herufi mbili za kwanza, AH, zilionyesha gari limeundwa Afrika Kusini, sawa. Nafasi ya tisa ni ya uhakiki: kila herufi ina thamani yake, unazidisha kwa uzito wa nafasi yake, unajumlisha, unagawanya kwa kumi na moja, na kinachobaki ndicho kinachopaswa kuwa pale. Nilipata saba. Pale palikuwa na sifuri. Nikarudia mara mbili.

"Mzee, namba hii imechezewa. Silichukui."

Shahidi wa muuzaji kwenye karatasi ile, fundi wa jirani, alisikia. Muuzaji, mfanyabiashara mstaafu wa Kondoa, hakupandisha sauti.

"Yaani mimi mwizi?"

"Nasema namba tu, mzee."

"Namba haijichezei yenyewe. Panda, twende polisi wakaikague."

"Kaa katikati, profesa," fundi akasema, "usije ukaruka."

Nikabanwa kati ya mabega yao, gia ikinigonga goti. Nikafungua tena simuni ukurasa ule niliojifunzia, nijiandae kujieleza, na safari hii nikaushusha mpaka chini, ambako sikuwahi kufika. Kanuni ya nafasi ya tisa inayalazimu magari ya soko la Amerika Kaskazini. Kwingine kiwanda huweka kinachotaka.

Kwenye taa za kwanza nilijiambia, zikiwaka kijani nitasema. Zikawaka.

"Mbona kimya? Hesabu zimekwisha?" fundi akauliza.

Nikazima simu.

Kituoni, mkaguzi wa polisi alisugua chesisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akamulika, akalinganisha na kadi ya gari. "Haijaguswa hii."

Ndipo nikaomba radhi, nikasema niko tayari kumalizia malipo.

"Radhi nimekupa," muuzaji akasema. "Gari sikuuzii. Ulijitoa mwenyewe pale uani, shahidi huyu hapa."

"Na ile hela, mzee?"

Akanipa karatasi. "Si unajua kusoma? Soma."

Nilisoma. Sababu ya msingi sikuwa nayo. Shilingi laki nane.