Siku Niliyousifu Uji wa Mzee Mgeta

Naomba niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana kutoka Bunda mpaka Musoma si mbali na aibu haisubiri gari lijae: mimi ndiye yule mwalimu aliyeajiriwa asubuhi na kufukuzwa mchana wa siku hiyohiyo, mbele ya wazazi, na kosa lake lilikuwa kwamba somo lilieleweka.

Mnanijua nilivyo. Mimi ni mtu wa kulifikiria jambo mpaka linachakaa. Nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, halafu naanza kuona ile nukta niliyoweka mwishoni imekaa kama nimekasirika, basi natuma ujumbe mwingine wa kueleza kwamba sijakasirika, na hapo ndipo mtu anaanza kuniuliza nimekasirikia nini. Kwa hiyo mnaweza kufikiria hali yangu siku niliyopigiwa simu na shule moja ya binafsi kule Manyamanyama, Bunda, kwamba niende nikafundishe kipindi kimoja cha Kiingereza wakinitazama, na wakiridhika wananichukua. Tangu nimalize chuo nilikuwa nyumbani Nyasho, hapa Musoma, nikimsaidia mama kuanika na kuchambua dagaa, na kila barua ya maombi niliyotuma ilikuwa kama nimeitupa ziwani. Hii ndiyo ilikuwa simu ya kwanza.

Mama alilia. Halafu akaenda kwenye sala ya jumuiya akatangaza, "Mwanangu amepata ualimu Bunda," nami nikamwambia mama, bado, ni majaribio tu, akasema, "Wewe nawe! Mungu hajaribu." Wakaniombea wakiwa wamesimama.

Mada niliyopewa ilikuwa irony, ile ambayo kwa Kiswahili wengine wanaiita kinaya na wengine kejeli (wataalamu wanagombana, mimi simo). Nilijiandaa mpaka nikaanza kuiota. Kitabu kilikuwa na mfano wake, kituo cha zimamoto kimeungua moto, mfano mzuri tu, umefundishwa na walimu wote na hakuna aliyekufa. Lakini mimi nikakaa nikawaza: mtoto wa kidato cha tatu Bunda, amewahi kukiona kituo cha zimamoto? Atacheka? Asipocheka nitajuaje kama ameelewa? Nikaamua nitafute mfano wa hapohapo shuleni. Hilo tu. Mengine yote yaliyonipata yalitoka hapo.

Nilifika mapema, mpishi akanipa kikombe cha uji kutoka sufuria moja na wanafunzi. Jamani. Niliinamia kikombe nikaona maua yaliyochorwa ndani, kwenye kitako chake, na kikombe kilikuwa kimejaa. Ulikuwa uji wa kuonwa kwa imani. Nikaunywa, na kabla sijarudisha kikombe nilikuwa nimeshapata mfano wangu.

Darasani nilikuwa moto. Sisemi kwa kujisifu, maana ndicho kilichoniponza, lakini sijawahi kufundisha vile. Nikawaambia (yote kwa Kiingereza, ninyi nawatafsiria) kwamba mwandishi wa Kiingereza anapotumia kinaya hacheki, hakonyezi, hakuwekei alama. Anaandika kwa uso mkavu kama tangazo la ofisi ya kata, anakisifu kitu kibovu kwa maneno mazuri kabisa, halafu anakuachia wewe msomaji kazi ya kuona kwamba maneno na hali vimeachana. "Msitazame maneno," nikasema, "tazameni hali." Nikawaambia hata wenye lugha yao wanalalamika kwamba neno hili linatumika ovyo, mtu kafua nguo mvua ikanyesha anasema hiyo ni irony, wakati hiyo ni bahati mbaya tu, ila fundi wa kuziba mapaa ambaye nyumba yake ndiyo inavuja, huyo sasa tunaweza kumwongelea. Kisha nikaingia kwenye ile irony ya michezo ya jukwaani, ambapo mtazamaji anajua jambo ambalo mhusika mwenyewe halijui.

Binti mmoja wa mbele, Nyabise, mtoto wa Butiama, mtulivu, akanyoosha mkono. "Ticha, sasa huyo anayejua, kwa nini hamwambii?"

Nikatabasamu kama profesa. "Kwa sababu yeye ni mtazamaji tu. Hawezi kupanda jukwaani."

Nikaona nimejibu vizuri sana.

Ndipo nikaandika ubaoni mfano wangu, kwa Kiingereza: Tunamshukuru meneja wa shule yetu kwa uji wake mzito, ukinywa kikombe kimoja unashiba mpaka mtihani wa taifa. Darasa likalipuka. Walipiga meza, walipiga makofi, mmoja akainama chini ya dawati, na katikati ya kelele hizo mlango ukafunguka akaingia meneja mwenyewe, Mzee Mgeta, mwenye shule, aliyekuwa amechelewa kuja kunitazama.

Mzee Mgeta ni mfanyabiashara wa pamba na ng'ombe. Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Akasimama akausoma ubao polepole, midomo ikicheza, na nadhani aliokota "tunamshukuru", akaokota "meneja", akaokota "uji mzito", akawatazama wanafunzi wanaopiga makofi, halafu akamwinamia Mwalimu Wambura, mkuu wa taaluma, aliyekaa nyuma na karatasi ya kunipimia.

"Wanasemaje?"

Wambura alinitazama. Nilimwona kabisa anachagua. "Wanakushukuru kwa uji, mzee."

Nilipaswa kusema hapo. Najua. Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko ninavyosali. Lakini uso wa yule mzee ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike, na nilipofungua mdomo alikuwa ameshanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe umelelewa," akasema. "Mimi huu uji natoaga mahindi yangu mwenyewe, kutoka shambani kwangu. Wazazi nusu hawajalipa ada, lakini nasema watoto wasikae na njaa. Tangu nifungue shule hakuna mwalimu aliyewahi kusema asante. Hakuna! Wewe unakuja siku moja tu, unaandika mpaka ubaoni. Jumatatu unaanza kazi."

Kwa hiyo uji ulikuwa mwepesi kwa sababu alikuwa anaugharamia kutoka mfukoni mwake. Sikujua. Nilijihisi mdogo kama dagaa wa kutupwa.

Nje, Wambura akaninong'oneza, "Mwache aamini hivyohivyo, ndugu yangu. Kazi umepata." Nami, badala ya kumfuata mzee nikamweleze, nilimpigia mama. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakoroma, na nyuma yake nikasikia majirani wakipokea.

Sasa, siku hiyo kulikuwa na kikao cha wazazi, na mzee akataka nikae meza kuu nitambulishwe. Wazazi walikuwa wamejaa, wengine wametoka mpaka Butiama na Kiabakari. Na pale shuleni kuna utaratibu mmoja ambao hakuna aliyeniambia: kila kikao lazima mwanafunzi mmoja asimame aongee Kiingereza, wazazi wasikie ada yao inakwenda wapi. Hawaelewi, na hawaji pale kuelewa. Wanakuja kusikia kinavyotiririka. Kikitiririka wanapiga makofi, wanatoa ada.

Mzee Mgeta akanitambulisha kwa maneno ambayo hata mama yangu asingeyamaliza, halafu akasema, "Sasa msikie wenyewe alichofundisha leo. Nyabise, simama mama, waambie wazazi."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. "Mzee," nikasema nikiinuka, "labda mimi mwenyewe ningefupisha, mtoto amechoka..."

"Kaa, mwalimu! Usione aibu. Mwache mtoto."

Nikakaa. Nyabise akasimama, mikono nyuma, akalitoa somo langu lote, neno kwa neno, bila kukosea. Akaeleza maana. Akaeleza uso mkavu. Akafika kwenye mfano, akautaja wote, na uji, na meneja, na mtihani wa taifa. Kwa Kiingereza. Wazazi wakapiga makofi kwa nguvu, baba mmoja akasimama kabisa, na mimi nikapumua, nikasema moyoni, imepita, Mungu wa mama yangu yupo, imepita.

"Safi sana!" akasema Mzee Mgeta, macho yanang'aa. "Na hapo penye uji, mama, hebu watafsirie. Nataka wazazi waelewe."

Nilimtazama Nyabise. Nilitikisa kichwa. Nilifungua macho mpaka yaliuma. Yeye akanitazama vizuri tu, akaona mwalimu wake mpya ana wasiwasi kwamba atakosea, akaamua kunitoa wasiwasi kwa kutafsiri kikamilifu.

"Irony ni pale mtu anaposema kinyume cha anachomaanisha, ili kuonyesha ubaya wa kitu," akasema kwa Kiswahili safi, sauti inafika mpaka getini. "Kwa mfano, ticha ametwambia tunamshukuru meneja kwa uji mzito, unashiba mpaka mtihani wa taifa. Hapo hatutazami maneno, tunatazama hali. Hali ni kwamba uji wetu ni maji."

Akakaa.

Nilimsikia mbuzi wa jirani akilia. Mzee Mgeta hakunitazama mimi kwanza. Alimtazama Wambura. "Wewe uliniambia wananishukuru."

"Maneno yalikuwa ya shukrani, mzee," Wambura akasema huku akitazama viatu vyake.

Ndipo akanigeukia. Ningefurahi angenifokea. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Mwalimu. Wewe ni mtani wangu?"

"Hapana, mzee."

"Babu yako na babu yangu waliwahi kutaniana?"

"Hapana, mzee."

"Sasa ulinisemaje mbele ya watoto, na mimi nakushika mkono?"

Vitabu vyote nilivyosoma vinaeleza kinaya ni nini, kina aina ngapi, kinatambulikaje. Hakuna hata kimoja kinachouliza wewe unayekisema ni nani kwake.

Na kama vile sikuwa nimemalizwa, akainuka mama mmoja katikati, Mama Wegesa, ambaye kumbe yeye ndiye mtani wa yule mzee, mtani wa ukoo kwa ukoo, akashika kiuno. "Mgeta! Huo uji unapika au unasuuza sufuria? Mwanangu akija likizo nikampa uji wa kawaida ananiuliza, mama, leo tunakula ugali asubuhi?"

Watu wakaangua kicheko. Na Mzee Mgeta, Mungu wangu, naye akacheka! Akacheka mpaka akatoa kitambaa. "Kaa chini wewe mchawi! Kwenu mlikuwaga mnakunywa maji ya moto mnaita supu!"

"Na siku ukifa nitakuja kukunywesha uji huohuo kaburini, uone!"

"Basi, basi, Jumatatu unga unaongezwa, usije ukaniloga." Ukumbi ukapiga makofi. Alisema mabaya kuliko yangu, tena bila kuzunguka, akapata unga. Mimi nilikuwa bado nimekaa meza kuu, soda yangu haijafunguliwa.

Kicheko kilipoisha mzee akafuta macho, akanigeukia, na uso ukakauka. "Asante sana, mwalimu," akasema. "Leo umetufundisha vizuri sana. Tutakupigia."

Hakukonyeza. Hakutabasamu. Nilitazama hali.

Nilirudi Nyasho nikiwa nimepanga cha kumwambia mama. Nilikipanga kuanzia Bunda, nikakibadilisha Kiabakari, nikakibadilisha tena njia panda ya Butiama. Nilipofika nyumbani nikakuta viatu vya akina mama wa jumuiya mlangoni. Mama alikuwa amekaanga sato mkubwa, na kichwa, kile anachokipenda yeye, kilikuwa kimewekwa kwenye sahani yangu.

"Karibu, mwalimu!" akasema, na wote wakaitikia, "Karibu, mwalimu!"

Nikakaa. Wakaimba. Mama akawa ananieleza atakavyonitafutia chumba Bunda na godoro atakaloniachia, na mle ndani mwote ni mimi peke yangu niliyekuwa najua. Nikasikia ile sauti ya Nyabise: sasa huyo anayejua, kwa nini hamwambii? Nikagundua nilimjibu vibaya yule mtoto. Mtu hazuiwi na jukwaa. Ni mwoga tu. Nikala kichwa cha samaki chote, na sikuisikia ladha yake.

Nilimwambia Jumapili, baada ya misa, aliponiletea shati langu jeupe la kwendea kazini likiwa na moto wa pasi. Alilishika shati lile muda mrefu. Hakuniuliza kosa ni nini. Aliuliza tu, "Na hawa watu niliowaambia?" Halafu akaenda kulitundika nyuma ya mlango, na lipo hapo mpaka leo.

Kwa hiyo mimi nimeacha. Sisifu kitu nisichokipenda, hata kwa utani, hata kwenye simu. Nikiwaambia uji ni mzito, jueni ni mzito. Wambura alinipigia juzi kunipa pole, akasema uji wa shule siku hizi umebadilika kabisa, kijiko kinasimama chenyewe, na wanafunzi wananishukuru sana. Nikamwuliza kama anamaanisha. Akacheka. Nikamwuliza tena. Akasema salio linaisha, akakata.