Mshonaji wa Ndege

Nilikuwa bado mfanyakazi wa kiwanda cha magari ya umeme hapa mtaa wa Forest, Ubelgiji, nilipojua kwamba jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kibelgiji aliyepita miaka themanini, alikuwa mshonaji wa ndege. Nilimsaidia kubeba mifuko yake ya sokoni, akaniingiza jikoni, akanimiminia kahawa.

Kiwanda alichofanyia kazi ujanani kilikuwa cha ndugu wawili, maseremala. Walitengeneza ndege ndogo za watu wawili, za vilabu vya kujifunza urubani: mifupa ya mbao, ngozi ya kitani. Yeye na wasichana wenzake walishona kitani juu ya mabawa, kisha kikapakwa vanishi mpaka kikakazika kama ngoma. Baadhi ya ndege hizo zilitiwa masandukuni zikapelekwa kwetu Kongo.

"Kilikufaje, maman?" nikauliza.

Alizungusha kikombe. "Ndege za chuma zilikuwa zimeingia kutoka nje, lakini sisi tuliendelea kushona. Kwanza wenye kiwanda walipaka kuta rangi. Tukafurahi. Halafu wakaja wanaume kupima. Si mashine, sakafu, kama wanunuzi wa nyumba. Halafu cherehani zikapelekwa kwenye matengenezo, hazikurudi."

Ndege ya mwisho haikupata injini. Wafanyakazi waliamriwa kuikokota hadi uani na kuichoma wenyewe. Vanishi ilishika moto mara moja, na mabawa aliyoyashona yakajikunja kama kitu chenye uhai.

Majuma machache baadaye nilifika zamu ya asubuhi nikakuta wageni wawili wenye viatu safi kando ya mstari wetu wa kuunganishia magari. Mmoja alielekeza kipimo chenye taa nyekundu ukutani. Hakutazama gari hata moja. Nikamkumbuka bibi.

Nyumbani nilimweleza mume wangu hayo, pamoja na kisa cha bibi. Akacheka. "Bon, bale banapima tu. Ndege ya mbao na mutuka ya umeme, donc, haiko kintu kimoya. Usisikilize sana ule maman."

Nilicheka naye, lakini tangu hapo macho yangu hayakutulia. Mkono mmoja wa roboti ulifunikwa plastiki, na hakuna aliyekuja kuufunua. Malori ya vipuri yalipungua. Wenzangu walikula wakizungumzia likizo. Mimi nikajiandikisha kwa mafunzo ya kuhudumia wagonjwa katika mtaa wa Woluwe, bila kumwambia mtu kazini.

Tangazo la kufunga kiwanda lilitukuta tumesimama kazini. Mwanamume mmoja, fundi hodari, aliendelea kukaza skrubu yake kana kwamba hakusikia.

Nilirudi mapema na kugonga kwa bibi. Aliona sare yangu saa ile ya mchana, akajua.

"Wamewaambia?"

"Wametuambia, maman."

Alinivutia kiti, akaweka birika motoni. Barabarani malori yalipita yakitokea upande wa kiwandani, moja baada ya jingine, maturubai yamefungwa, nami sikujua kama yamebeba magari ya mwisho au mashine zetu.