Mkungu Juu ya Indiketa

Asubuhi za utoto wangu zilinuka petroli na kahawa mbichi. Kahawa ilianikwa uani kwenye mikeka, na katikati ya mikeka ilisimama pikipiki nyekundu ambayo Taata, yaani baba yangu, alikabidhiwa na usharika kwa kazi yake ya uinjilisti huko kwetu Kimwani, wilayani Muleba. Nilikuwa darasa la tano, na pikipiki ile nilikuwa nimeichoka kuliko uji usio na sukari. Kila siku, kabla sijanawa uso, niliitwa nisimame nyuma yake. Taata aliwasha indiketa ya kushoto, akauliza, "Inawaka?" Nikajibu inawaka. Akawasha ya kulia, akauliza tena. Jumamosi ilikuwa mbaya zaidi. Vioo vya taa vilifutwa vumbi jekundu kwa kitambaa chenye maji, balbu zikatolewa, vichwa vya nyaya vikasuguliwa kwa msasa mpaka vikang'aa, kisha nikaulizwa upya, kana kwamba majibu yangu ya juma zima yalikuwa ya mtu mwingine. "Tahadhari kabla ya hatari," alisema, na uji wangu ukapoa.

Ningevumilia kama kazi ile ingekuwa na maana. Lakini Taata alipima taa asubuhi, pikipiki ikiwa tupu, na jioni alirudi taa hizohizo zikiwa zimezikwa chini ya ndizi. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Ukifika kusalimia tu, mwenyeji anaingia kibanjani, kwenye migomba yake, na panga, na kabla hujamaliza sala ya kuagana mkungu umeshafungwa kwenye keria kwa kamba za mpira, umelala kwa upana, ncha moja imefunika indiketa ya kushoto na nyingine ya kulia. Kuukataa ni kumtukana aliyeukata. Taata aliweza kumkemea mlevi yeyote wa kijiji, lakini hakuweza kumkatalia mwanamke mwenye mkungu. Lilinikera wakati ule na linanikera leo. Mtu anayesugua waya kwa msasa kisha anaufunika kwa ndizi, utamwambia nini?

Mwaka ule mnyauko ulikuwa umeingia kibanjani kwetu. Mama aling'oa migomba akaifukia, tukawa tunakula mihogo mchana na usiku. Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki kujifanya kwamba sikujua nilichofanya. Jumamosi moja Taata alinichukua kwenda kumwombea mzee mmoja mgonjwa, safari ya kufuata barabara ya lami. Tulipoaga, mke wa mzee yule, Mama Rweyemamu, alitokea na mkungu ambao hata yeye aliubeba kwa shida.

"Mama, utafunika taa," Taata alisema. Nilishangaa, maana sikuwahi kumsikia akijitetea.

"Taa za nini saa tisa mchana? Jua lote hili halikutoshi?"

"Ni za kuonyesha ninakokata kona, mama."

"Kimwani nzima inajua unakoishi, mwinjilisti. Funga mkungu, tafadhali waitu. Kwani watoto wako watakula taa?"

Watu wote uani walicheka. Taata naye alicheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa. Aliufunga mkungu, akakaa, akawasha ya kulia. "Koku, inawaka?"

Nilikwenda nyuma. Nilipoinama na kupenyeza jicho katikati ya vichane, niliona mwanga wa rangi ya chungwa ukipepesa ndani. Niliposimama wima, sikuona kitu. Ningesema hivyo, mkungu ungefunguliwa, nasi tungerudi kwenye mihogo yetu.

"Inawaka, Taata," nilisema. Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli mbaya kuliko ile.

Tulirudi kwa lami hadi penye njia ya kwetu. Taata aliwasha indiketa ya kulia mapema, kama alivyofundishwa, kisha akaanza kukata. Gari dogo la mizigo lililokuwa nyuma yetu lilikuwa tayari linatupita upande huohuo, likatugonga. Mimi nilitua kwenye nyasi bila hata mkwaruzo. Taata alilala lamini, mguu wake wa kulia umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Dereva alishuka.

"Mzee, mbona hukuwasha indiketa?"

"Niliwasha. Muulize mtoto, ndiye aliyepima."

Dereva alinitazama. Nikageukia pikipiki. Ndizi zilikuwa zimetapakaa barabarani, na chini ya zilizobaki indiketa ilikuwa bado inawaka na kuzima, safi kabisa, haina hata vumbi.

Mguu uliunga vibaya, akachechemea maisha yake yote. Sikumwambia nilichokiona, wala yeye hakuniuliza. Lakini alipopanda tena pikipiki, alinituma nyuma hatua ishirini, mpaka kwenye mti wa mwisho wa kahawa, na swali likawa jingine: "Unaona ninakokwenda?" Hapo nilijua kwamba anajua. Hakulisema hata siku moja, na hilo nalo linanikera, kwa kuwa sasa hayupo wa kuulizwa.

Tulimzika mwezi uliopita. Siku hizi pikipiki zimejaa kila kijiji, na nyingi indiketa zake zinaning'inia kwa waya kama meno ya mtoto. Ndizi nazo zimerudi kibanjani. Siku ya kuondoka kurudi Bukoba, ninakoishi, shangazi yangu alikata mkungu na kuufunga kwenye pikipiki ya kijana aliyekuja kunichukua. Nilitembea hadi kwenye mti wa mwisho wa kahawa. Nikamwambia awashe ya kulia.

"Inawaka, dada," alisema, bila hata kugeuka.

"Sikukuuliza hivyo. Mimi siioni. Fungua mkungu."

"Koku," shangazi alisema, "unakataa ndizi za baba yako? Hata arobaini haijafika?"

Wafiwa wote walikuwa wananitazama, na mkono mtupu haulambwi. Niliufungua mwenyewe, nikauacha uani. Shangazi hajanipigia simu tangu siku hiyo. Nilifika Bukoba mikono mitupu, na miguu yangu yote miwili.